Daktari Anamuulizia Baba

Lanet, Nakuru
11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Chamge, Mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha Januari kimekuachilia. Kama bado, tafadhali usikitibu na maji moto na maombi peke yake, shuka dispensari. Na yule ng'ombe wako mkorofi amezaa? Mimi naendelea. Kemo ya mwisho nilimaliza wiki jana. Nywele zimebaki chache za kunidanganya, na ule mfuko wa tumboni daktari anasema ataniondolea akiona nimepata nguvu. Nakula. Mjukuu wako Winrose ananipikia uji kabla hajaenda shule, na huwa anauunguza, lakini nakunywa nikimsifu.

Ningepiga simu, lakini unajua wewe na simu. Tangu masikio yako yaharibiwe na mashine ya mbao, kuongea na wewe ni kupiga nduru, na jambo hili sitaki Lanet nzima ilisikie. Ndio maana nimeandika, na nimempa Kemboi wa lori akuletee mkononi.

Mama, nimekosea pale hospitali. Kuna daktari mpya, msichana mdogo tu, aliniuliza habari za familia. Alisema mtu wa umri wangu kupata saratani ya utumbo si kawaida, kwa hivyo anataka kujua kama iko katika ukoo. Upande wa mama? Nikamwambia kwa mama yangu watu hufa na uzee na ubishi. Upande wa baba? Nikajibu bila kufikiria: baba yangu Mzee Kipkemoi aliishi sana, akafa na meno yake yote, na ndugu zake vivyo hivyo. Daktari akafurahi. Akasema basi hii si ya kurithi, ni bahati mbaya tu, na ndugu yangu Bethwel hana haja ya kupimwa.

Nikatoka hapo nimefurahi. Nilikuwa sokoni nachagua viazi ndipo nikasimama na kiazi mkononi. Jameni! Nilikuwa nimemsimulia daktari mwili wa mtu aliyekufa kabla hata wewe hujaolewa.

Na si kwamba nilidanganya. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kogo hakujaliwa mtoto, mumewe Kipkemoi akafa, na yeye akatoa ng'ombe akakuoa wewe ili nyumba ya mumewe isifungwe. Tukazaliwa mimi na Bethwel, tukaitwa watoto wa Kipkemoi. Wewe ukawa Mama, na bibi aliyekuoa akawa Kogo, nyanya yetu, na hakuna aliyetuambia vingine, wala sisi hatukuuliza. Mtu akitaka jina la baba yangu, mdomo unajibu wenyewe. Lakini daktari anauliza ya damu.

Kwa hivyo nauliza mimi. Alikuwa nani? Mimi na Bethwel ni wa mtu mmoja? Yuko hai? Aliugua nini? Nisamehe, Mama, najua unaposoma hapa umeinua miwani.

Binti yako,
Chepkurui


Elburgon
25 Februari 2024

Mwanangu Chepkurui,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata, inanuka dizeli lakini nimeisoma yote. Kikohozi kimeisha. Ng'ombe amezaa ndume, sasa sijui anadhani nitamkamua nani. Baridi huku ni ile ile, moshi wa kuni asubuhi hadi jioni. Nakuombea kila siku kwa jina lako, na kanisani nimeandikisha uombewe, ingawa nilisema tu ni tumbo kwa sababu unajua vile mama wa kwaya wanapenda habari. Mwambie Winrose uji unakorogwa, hauachwi ujipike.

Namkumbusha Mungu kwamba nimezaa wawili tu. Ukija nitakupa maziwa ya mursik, nimekuwekea kibuyu kizima. Natamani uje. Nyumba ni kubwa sana kwa mtu mmoja asiyesikia hata paka akiingia.

Sasa hilo jambo lingine. Chepkurui, wewe ni mtu mzima. Baba yako ni Kipkemoi. Kogo alinioa mbele ya watu, nikapakwa siagi, nikafungwa nyasi mkononi, na siku hiyo nikaahidi mbele ya wazee kwamba jina la mwanamume halitatoka kinywani mwangu, maana watoto ni wa ile nyumba. Kogo alikuwa mkali, lakini alinitunza kuliko wanavyotunzwa wengi walioolewa na wanaume. Alikufa akiniamini. Unataka nianze kumgeuka leo?

Na kuna lingine. Msikilize ndugu yako anavyoongea kila tukikaribia kura, halafu uniambie kama ni mtu wa kuambiwa kila kitu.

Daktari atibu kile anachokiona. Usiniulize tena.

Mimi mama yako


Lanet
10 Machi 2024

Mama,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima kiasi changu.

Umesema nisiulize tena, na tangu nizaliwe sijakukaidi katika jambo kubwa, kwa hivyo hili lihesabu kuwa la kwanza. Bethwel alipita hapa Jumapili akitoka Gilgil. Nimemwona, Mama. Amepauka. Suruali anaifunga na kamba ya viatu. Anasema ni amiba, anakunywa dawa za duka la pale stendi, kisha anacheka na kuendelea kuchomelea mageti yake. Nilimuuliza kama anaona damu akienda choo. Akaniambia hayo si maneno ya kuulizwa na dada. Mimi pia nilisema ni amiba, mwaka mzima, mpaka wakanikata.

Nilimwambia daktari amweke Bethwel kwenye ile kamera ya tumbo. Anasema foleni ni ndefu, wanaanza na wale ambao ukoo wao unajulikana. Na ukoo wetu nimeusema mimi mwenyewe kwamba ni mzima! Nikirudi kumwambia kwamba nilikosea, ataniuliza, basi ni ukoo gani? Nitamjibu nini?

Siombi baba. Naomba ugonjwa wake tu. Ukitaka usiniandikie jina, niandikie alikufa na nini.

Hapana. Nimesoma tena nilichoandika, nacho si kweli. Nataka na baba. Nimekaa kwa dawa miezi mingi, mpira wa dawa mkononi, hakuna cha kufanya ila kutazama watu. Kuna mzee mmoja alikuwa akimleta binti yake, anamshikia kikombe. Nilikuwa namtazama mpaka naona aibu. Kila mwanamume wa umri ule akiingia mlangoni nilikuwa naangalia masikio yake, vidole vyake, kama vinafanana na vyangu. Sikuwahi kukuambia. Kwetu hayo hayaambiwi.

Binti yako,
Chepkurui


Lanet
21 Aprili 2024

Mama,

U hali gani? Kemboi anasema barua ya Machi alikupa mkononi na ukaiingiza kifuani ndani ya nguo bila kumpa hata chai. Nimepiga simu, inaita tu. Mtoto wa jirani yako aliishika mara moja, akasema umesafiri. Wewe, usafiri? Uende wapi?

Kama umekasirika, kasirika, lakini niambie uko hai. Bethwel alianguka kazini juzi. Wamemwongezea damu, ameamka, anatukana manesi. Nimeogopa sana.

Mwanao,
Chepkurui


Elburgon
19 Mei 2024

Chepkurui wangu,

Bwana asifiwe, mwanangu. Niko hai. Miguu imevimba, mengine ni mazima. Keti kwanza. Kama kuna chungu jikoni, epua.

Barua yako ilinifanya nisile siku mbili. Nikaenda kwa Chesang, yule nyanya wa kule karibu na msitu, ndiye peke yake aliyebaki kati ya wale walionifunga nyasi. Nilimpigia magoti nikamweleza yote, ahadi, Kogo, wewe, Bethwel. Nikamwuliza kama nitalaaniwa. Akanitazama akasema, "Na umekaa mwezi mzima na hilo? Watoto wa Kipkemoi wanakufa, nawe umekaa?" Akanitemea mate ya baraka kifuani, akaniambia niende. Haki niliona aibu kuliko siku niliyoolewa.

Anaitwa Gathogo. Ndiyo, umesoma sawa, ni Mkikuyu. Ndugu yako atameza ulimi.

Alikuwa mtu wa msumeno pale kiwandani, nami nilikuwa nauza chai kwenye kibanda cha nje, ndiko masikio yangu yalikoanza kuharibika. Alikuwa akinywa vikombe vingi kuliko kiu yake. Unga wa mbao ulikuwa hautoki kwenye nyusi zake hata akioga. Desturi inamruhusu mke wa nyumba kama yetu kuchagua, mradi mwenye nyumba asipinge. Kogo alimwangalia, akaona hanywi pombe na hana makelele, akasema sawa, lakini watoto ni wa hapa na yeye asivuke ua mchana. Hakuwahi kuvuka. Wewe ni wake. Bethwel ni wake. Hakuna mwingine, wala kabla wala baada. Uliza lolote lakini hilo usiniulize mara mbili.

Mwaka ule wa vita vya makabila, Bethwel akiwa anajifunza kutembea, Wakikuyu wote wa kule kiwandani walifukuzwa. Waliondoka juu ya lori la mbao. Mimi nilikuwa mtoni na nguo zenu, niliporudi kibanda kilikuwa majivu na yeye hayupo. Hakuniaga. Nilisikia baadaye kwa watu wa mbao kwamba alishukia Ndabibi, ng'ambo ya ziwa la Naivasha. Nikangoja neno. Hata salamu moja kwa mdomo wa dereva. Halikuja, nami nikasema basi, kumbe ilikuwa chai tu.

Nimemtamani mtu huyo maisha yangu yote na sijawahi kulitamka jina lake mpaka mbele ya Chesang.

Aprili nikapanda lori la Kemboi mpaka Naivasha, nikauliza, nikauliza. Watu wanajibu, mimi sisikii, wanaandika kwenye vumbi kwa kijiti. Nikafika. Chepkurui, amekufa. Yapata miaka kumi na sita. Kaburi lake liko nyuma ya mahindi. Nilikuwa nimevaa ile gauni ya bluu, mjinga mimi, nikijua kabisa anaweza kuwa mzee na mke wake amekaa hapo.

Mke wake naye amekufa. Kuna binti, Wariara, amezaliwa baada yenu, anaishi peke yake kwa shamba. Nilidhani atanifukuza. Aliniletea kiti, akaniandikia kila kitu kwa karatasi kwa sababu ya masikio yangu. Baba yake alikufa na tumbo. Kukonda, damu, uvimbe upande wa kulia, hata hamsini hajafika. Kaka yake Gathogo pia. Baba yao pia, akiwa kijana kuliko wote. Pale wanasema ni maji ya kisima.

Mpeleke daktari maneno hayo. Mpeleke leo.

Mimi nimekaa tu hapa natazama mlima. Natamani angenikuta na meno yote.

Mama yako


Lanet
30 Juni 2024

Mama mpendwa,

Chamge. Miguu imepungua? Paka mafuta uinue kwa kiti, usiseme hauna wakati.

Nilimpeleka daktari maneno yako siku ile ile. Alisimama, Mama, aliinuka kabisa, akaenda kugonga mlango wa mkubwa wake. Bethwel akaonwa na kamera wiki hiyo. Wamekuta vinyama vingi ndani ya utumbo, na kimoja kimeshaanza kugeuka. Wamekikata pamoja na kipande cha utumbo. Hakijatoka nje, wanasema angengoja mpaka Krismasi wangekuwa wanaongea lugha nyingine. Amelala kitanda cha dirishani, analalamika juu ya supu. Atapona. Nimeandika hilo neno na nimeliangalia, kweli ni hivyo. Atapona.

Nilimwambia habari ya Gathogo akiwa bado na mipira puani ili asiweze kuondoka. Nikaona machozi yanaenda masikioni. Nikadhani ni hasira. Akasema, "Maneno yote yale niliyosema juu yao. Na Mama alikuwa anakaa hapo ananipakulia chakula." Kisha akageukia ukuta. Jioni akaniuliza kama mzee alikuwa mrefu. Nikasema sijui, nitamuuliza Mama. Alikuwa mrefu?

Akipata nguvu tutaenda Ndabibi, mimi na yeye. Wariara anapaswa kupimwa pia, na ni sisi wa kumwambia. Sitakuficha, naenda kwa ajili yake na naenda kwa ajili yangu. Nataka kusimama mahali aliposimama.

Usijilaumu kwa mwezi ule. Umemwokoa. Nakushukuru mpaka sina maneno.

Binti yako,
Chepkurui


Lanet
18 Agosti 2024

Mama,

U mzima? Sisi tumerudi salama. Bethwel aliniendesha polepole kwa sababu ya tumbo langu, nami nikimwambia apunguze kwa sababu ya lake.

Wariara alitungoja barabarani. Ana vidole vyangu. Sijui nikuambieje, niliposalimiana naye niliona mkono wangu unashika mkono wangu. Ndani kuna picha moja ya mzee, amesimama mbele ya mahindi, kofia mkononi. Bethwel alipoiona alisema, "Haki, huyu ni mimi," akatoka nje, akakaa na mbuzi kwa muda. Alikuwa mrefu, Mama. Ningekuuliza mbona hukuniambia, lakini najua ulikuwa unameza maneno mengine.

Tulikaa kaburini. Nilimwambia naitwa nani. Nililia kama mtoto, na nilikuwa nimejiahidi nitakuwa na heshima. Nilimtamani mtu ambaye sina hata sauti yake ya kukumbuka. Wariara alinishika tu. Ameshakubali kupimwa, tutampeleka mwezi ujao, atalala kwangu.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililokuandikia. Tukinywa chai Wariara akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini. Akasema kwao Wakikuyu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, hilo halina mjadala, na wa pili ndiye anayepewa jina la mama ya mama. Yeye Wariara ni wa kwanza wa nyumba ile. Alipaswa kuitwa Waithera, jina la nyanya yake. Lakini baba yake alikataa. Alimpa jina la msichana wa pili. Nyanya alilia, akasusa kuja kwao miaka. Wazee wakamwita, mkewe akamgombeza, yeye akajibu kila mtu neno moja tu, mpaka anakufa: "Hilo jina lina mwenyewe tayari."

Walidhani alizika mtoto mahali wakati wa vita. Wariara amekua akijua kuna dada aliyekufa, na alikuwa akimwombea.

Mama, hakutuma salamu, ni kweli. Lakini kila siku alipomwita yule mtoto wake wa nyumbani alikuwa ananihesabu mimi wa kwanza. Na kama ananihesabu mimi, wewe unadhani alikuwa anakuweka wapi?

Mwanao,
Chepkurui


Elburgon
24 Agosti 2024

Waithera,

Leo sina salamu ndefu.

Kuna kitu sikukuandikia kwa sababu kiliniuma. Siku uliyozaliwa alikuja mpaka kwenye ua. Nilikuwa ndani na wewe kifuani, na masikio yangu wakati huo yalikuwa mazima. Alimwuliza Kogo ni mtoto gani. Kogo akamjibu, "Msichana. Anaitwa Chepkurui, wa Kipkemoi." Nilingoja aseme kitu. Akasema, "Asante, Mama," nikasikia viatu vyake vikienda. Hiyo asante nimeikasirikia tangu siku hiyo. Niliona ni mtu aliyepokea habari za ng'ombe wa jirani.

Kumbe alikuwa anaenda na jina lako mdomoni, hana mahali pa kuliweka.

Njoo Jumamosi, mje na Bethwel. Na huyo Wariara mwambie aje pia, mtoto wa Gathogo hawezi kupita nyumba hii tena kwa nyuma ya ua, nitamfungulia geti mwenyewe. Nimekuwa nikijaribu kulisema hilo jina lako hapa jikoni. Sauti yangu siisikii vizuri, sijui kama nalitamka sawa. Utakuja unirekebishe.

Mama yako,
Cherop